Saa za Ijumaa

Ujumbe uliingia nikiwa kikaoni, nikausoma chini ya meza kama mwanafunzi anayeibia mtihani. "Shikamoo auntie Neema. Mimi ni Mercy, mtoto wa Joyce Nandutu. Nimekuja Dubai miezi miwili imepita, niko mapokezi kwa hoteli hapa Al Rigga. Kukhu alinipa jina lako, alisema uliishi na mama. Naomba nikuone uniambie mama alikuwa mtu wa namna gani." Kukhu ni bibi, kwa lugha ya kwao Mbale, Uganda. Wenzangu walikuwa wanabishana juu ya rangi ya kitufe cha tovuti, wakanigeukia kutaka maoni yangu, nami nikaomba ruhusa nikatoka. Nilisimama kwenye korido nikiitazama simu. Joyce alifariki miaka kumi na tano iliyopita. Mwanawe nilimjua kwa sauti tu, mtoto wa miaka sita anayepiga kelele upande wa pili wa simu, na sasa mtoto huyo ananiandikia shikamoo. Nilimjibu tukutane Jumapili alasiri. Nikabaki na siku nne za kungoja, na katika siku hizo nne sikufanya kazi yoyote ya maana, kwa sababu kulikuwa na jambo juu ya kifo cha mama yake ambalo nilikuwa sijalisema kwa mtu yeyote aliyestahili kuambiwa.

Mwaka ule tulikuwa watatu kwenye chumba kimoja Deira, ghorofa ya tatu, juu ya duka la mabegi ya safari. Chumba chenyewe kilikuwa nusu ya sebule iliyokatwa kwa mbao nyembamba, na nusu ya pili waliishi wadada wa Kenya waliokuwa wakifanya kazi saluni, kwa hiyo habari zao zote tulizijua na zetu walizijua. Kitanda cha dirishani kilikuwa cha Bi Zuhura, Mzanzibari wa miaka hamsini na kitu, mpishi katika nyumba ya familia moja Jumeirah. Alikuwa na bahati ambayo wapishi wengi hawakuwa nayo: madam wake alikubali asilale pale kazini. Kitanda cha katikati kilikuwa cha Joyce, mlinzi kwenye jengo la maduka, mwanamke mrefu, mwenye kicheko kilichowafanya wadada wa saluni wagonge ukuta kuuliza kuna nini. Mimi nililala karibu na mlango. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, nimetoka Dar es Salaam na cheti cha kubuni tovuti, nikijiona msanii. Mashine ya kupoza hewa ilidondosha maji kwenye ndoo, na mmoja wetu alipoisahau ndoo tuliamka zulia limelowa. Leo ninaishi peke yangu kwenye nyumba yenye vyumba viwili na sijawahi kuipenda kama nilivyokipenda chumba kile, ingawa kila siku ya mwaka ule nililalamika kuwa ndani yake.

Chakula cha jioni tulikula chini, kwenye plastiki yenye maua tuliyoitandika kati ya vitanda. Bi Zuhura alipika hata baada ya kupika kutwa nzima kwa madam; alisema mkono wake haujui kukaa. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, mchicha akiupata. Joyce alileta mikate ya khubz ya moto kutoka kwa Muafghani mwoka mikate wa chini. Baada ya kula mimi nilifungua laptop na kuwasumbua. Ofisini kwetu hakukuwa na mtu wa kujaribia kurasa, na mwalimu wangu wa Dar alikuwa amenifundisha kwamba ukurasa haujakwisha mpaka mtu asiyeujua auguse. Basi niliwawekea kurasa za mahoteli na mikahawa, nikawaambia: tafuta namba ya simu, tafuta bei ya chumba, niagizie kuku. Joyce alibonyeza kila kitu kwa nguvu kama anayebonyeza kengele ya mlango. "Banange, Neema, hii kitu imekataa! Wewe umeficha simu ya watu wapi?" Bi Zuhura alivuta kidevu nyuma, akaisogeza skrini mbali, akasoma neno moja moja. Kiingereza chake kilikuwa cha jikoni na sokoni, lakini alisoma. Mwanzoni niliwacheka moyoni. Niliona kwamba hawajui. Ilinichukua miezi kuelewa kwamba kila walipokwama, palikuwa na kosa langu mahali pale pale walipokwama, na nilipolirekebisha hawakukwama tena. Nimefanya kazi hii miaka mingi tangu hapo, nimefundisha vijana, na yote ninayoyafundisha niliyajua tayari kwenye ile plastiki yenye maua.

Ofisi yetu ilikuwa Al Rigga, watu wanne kwenye chumba kimoja, na bosi wetu alikuwa Mkenya tuliyemwita sir, mtu mpole mwenye wasiwasi mwingi, aliyevaa tai hata mwezi wa nane. Wakati ule mtindo ulikuwa weupe. Kila mteja alitaka ukurasa mweupe, mtulivu, wenye picha moja kubwa, na herufi nyembamba za kijivu ambazo kwa mbali ungedhani ni pumzi tu imepita kwenye kioo. Nilikuwa hodari wa mtindo huo. Basi ikaja kazi ya kliniki moja ya Oud Metha, kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kupata. Meneja wake, mama mmoja nadhifu, alikaa mbele ya skrini yangu akasema hataki ionekane kama kliniki, anataka ionekane kama mahali mtu anapokwenda kupumzika. Nikampa alichotaka. Nikaweka picha ya mwanamke anayecheka, shuka jeupe, ua moja kwenye glasi. Juu ya picha nikaandika kwa herufi kubwa, kwa Kiingereza, kwamba tupo kwa ajili yako kila siku. Maneno yale niliyatunga mimi. Saa za kazi niliziweka chini kabisa ya picha, kijivu juu ya weupe wa shuka, ndogo: siku zote kuanzia asubuhi, Ijumaa kuanzia saa kumi jioni.

Jioni ile niliupeleka ukurasa nyumbani, ukiwa bado hauna jina la kliniki. Nilimwambia Bi Zuhura, "Hebu nitafutie, Ijumaa wanafungua saa ngapi?" Akatazama. Akavuta kidevu. Akashuka chini ya ukurasa, akapanda juu, akashuka tena. "Huyu bibi anacheka," alisema. "Hapa wasema wapo kila siku. Basi na Ijumaa wapo."

"Angalia chini ya picha, Bi Zuhura."

Akasogeza uso mpaka karibu na kioo. "Mie naona vumbi tu hapa, mwanangu."

Joyce akacheka mpaka ukuta ukagongwa. Mimi nilicheka pia. Lakini kesho yake nilimwambia sir, kwa sauti ndogo, kwamba nimejaribisha ukurasa na saa za Ijumaa hazionekani, labda tuzipandishe juu na kuzitia weusi. Sir alikuna shingo. Alisema, "Neema, huyo mama amepitisha hiyo kazi jana. Ameipenda sana. Tukianza kumwekea maandishi meusi hapo juu, ataona tumeharibu. Na hao unaojaribu nao, pole kusema, lakini hao si wagonjwa wa hii kliniki." Ningeweza kubishana. Ningeweza kumwambia kwamba hata macho yake mwenyewe yasingeona. Ukweli ambao nimeuzunguka miaka kumi na tano ni kwamba nilifurahi aliponikatalia, kwa sababu ukurasa ulikuwa mzuri na mimi sikutaka kuuharibu kwa mstari mmoja mweusi.

Joyce alikuwa na pumu. Nilijua hivyo kama unavyojua kwamba mtu anakoroma. Ilikuwa sehemu ya chumba. Dawa yake ya kuvuta alikaa nayo kwenye mfuko wa sare, na vumbi lilipochachamaa alikaa kitandani akavuta mara mbili, akaendelea na hadithi. Alizungumza na Mercy kila Jumatano, na kwa kuwa mbao hazifichi kitu, tulikuwa tukiyasikia yote. "Umekula? Umekula nini? Soma hiyo mama aisikie. Hapana, rudia, umeruka neno." Mtoto alisoma kitabu cha shule kupitia simu, Joyce akiwa amefumba macho, na wadada wa saluni upande wa pili walizima redio mpaka mtoto amalize. Mwezi ule kampuni yake ya ulinzi ilibadilisha bima. Alikuja na kadi mpya, akaitupa kwenye plastiki tukiwa tunakula. "Sasa ninatibiwa Oud Metha kama tajiri." Nikaisoma. Ilikuwa ile kliniki. Nikamwambia kwa majivuno kwamba tovuti yao nimeitengeneza mimi, na wiki ijayo inafunguliwa. Bi Zuhura alikuwa bafuni akinawa, hakusikia.

Ukurasa ulianza kuonekana kwa watu Alhamisi, na Ijumaa mchana yule meneja alitualika chakula kwenye mgahawa, sisi wanne na watu wake. Nilivaa gauni la kijani. Nakumbuka meza ndefu na kondoo juu ya wali, na meneja akiinua glasi yake ya juisi kusema kwamba sasa wana uso. Nakumbuka sir akiniinamia, "Umesikia? Uso. Hiyo ni wewe." Simu yangu ilikuwa kwenye mkoba, nimeizima sauti, kwa sababu niliona ni adabu. Karibu na saa tisa nilikwenda msalani nikaitoa. Bi Zuhura alikuwa amenipigia mara tisa. Nilipompigia hakuwa na maneno mengi. "Tupo hospitali, mwanangu. Njoo."

Yaliyotokea nilisimuliwa naye siku zilizofuata, vipande vipande, na kila mara aliyasimulia kwa mpangilio ule ule. Baada ya swala ya Ijumaa Joyce alianza kubanwa. Alivuta dawa yake, haikusaidia. Akatikisa chupa, ilikuwa karibu kwisha. Bi Zuhura alitaka kuita gari la wagonjwa, Joyce akakataa kwa mkono, aliogopa gharama ambazo hazimo kwenye kadi. Alisema twende kliniki, pale watanipa mvuke kama walivyonipa kule kliniki ya zamani, itaisha. Bi Zuhura akamuuliza, leo Ijumaa, wapo? Joyce akafungua simu yake, akatafuta kliniki kwa jina lililo kwenye kadi, lakini kikohozi hakikumpa nafasi, akampa Bi Zuhura simu. "Nikaangalia," Bi Zuhura alisema. "Nikaona picha ya bibi anacheka. Imeandikwa wapo kila siku. Nikamwambia, wapo, twende." Waliteremka ngazi, wakapata teksi. Walipofika Oud Metha mlango ulikuwa umefungwa. Bi Zuhura aligonga kwa viganja vyote viwili. Akatoka mlinzi, Mganda kama Joyce, akawaambia mpaka saa kumi, akaona hali ya Joyce akakimbia barabarani kusimamisha teksi nyingine. Ndani ya teksi ile ya pili Joyce aliacha kuitika.

Hospitali walimchukua mbio. Nilipofika Bi Zuhura alikuwa amekaa kwenye kiti cha korido na viatu vya Joyce mapajani, vile viatu vyeusi vya ulinzi, amevifunga kamba. Daktari alitoka baada ya magharibi. Niliwahi kumuuliza, kwa Kiingereza, ili Bi Zuhura asifuate: wangekuja moja kwa moja, ingekuwaje? Alinitazama kwa huruma akasema hilo hakuna anayeweza kulijua, pumu ina siku zake. Jibu hilo nimelibeba kila mahali. Limenisaidia siku nyingine, na siku nyingine nimeliona kama mlango ambao daktari aliuacha wazi kidogo ili nipite.

Maiti ilisafirishwa Mbale baada ya siku nane. Waganda walichanga, kampuni ikalipa iliyobaki. Chumbani kitanda cha katikati kilikaa kitupu mwezi mzima. Bi Zuhura aliendelea kupika kwa watatu, akajikumbuka, akagonga ukuta na kile chakula cha tatu akawapa wadada wa saluni. Halafu jioni moja alirudi amevaa miwani. Alikuwa ameinunua duka la macho pale Deira, fremu nyekundu ya plastiki, haikuwa ya umri wake. Alikaa kitandani akachukua simu, akafungua ule ukurasa. Nilimwona akiufungua; kurasa nyingi nilizomwekea zilikuwa na mtu anayecheka, na hakujua kuwa huu ndio ule. Akasoma polepole, mdomo ukicheza. "Ijumaa, kuanzia saa kumi," akasema. "Kumbe imeandikwa. Ipo hapa hapa. Macho yangu haya, Neema. Ningenunua miwani mapema, maskini Joyce wa watu."

Nilikuwa nimesimama kando ya ndoo. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Maneno yalikuwa mafupi: Bi Zuhura, si macho yako, ni mimi. Badala yake nilisema, "Imekupendeza."

Kesho yake nilifika ofisini kabla ya wengine. Nikafungua ukurasa wa kliniki, nikaitoa picha ya mwanamke anayecheka, nikaziweka saa za kazi juu kabisa, nyeusi, kubwa, na mstari wa Ijumaa peke yake. Chini yake nikaweka namba ya simu ambayo ukiigusa inapiga, na maneno kwamba tukiwa tumefunga nenda hospitali hii, anwani hii. Maneno yangu ya kila siku nikayafuta. Sir aliuona baada ya wiki, meneja alipopiga simu kwa hasira. Akaniita. "Nani alikwambia ubadilishe?" Nikamwambia yule niliyejaribisha naye alikuwa na rafiki, na yule rafiki alikuwa mgonjwa wa kliniki hii. Nikamweleza yote. Sir alilegeza tai, akainuka akaenda kusimama dirishani. Aliporudi alisema tu, "Iache hivyo. Huyo mama nitaongea naye mimi." Waliivunja kazi na sisi miezi michache baadaye, na sir hakuwahi kunilaumu kwa hilo.

Kwa hiyo sir aliambiwa. Bi Zuhura sikumwambia. Kila Ijumaa nilijiahidi, na kila Ijumaa alikuwa anakaanga kitu, au amechoka, au anacheka kidogo kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi na mimi sikutaka kumwondolea. Mwisho wa mwaka madam wake alihama nchi, yeye akarudi Unguja na miwani yake nyekundu. Uwanja wa ndege alinishika uso kwa mikono miwili akaniambia nisiache kula. Tulipigiana simu kwa miaka. Aliniuliza mara mbili, tatu, katika miaka hiyo, kama ninadhani Joyce alimsamehe kwa kutoona yale maandishi. Mara zote nilimwambia hakukuwa na cha kusamehe, na hilo lilikuwa kweli, lakini sikumpa sababu ya kuliamini. Alifariki kwao Makunduchi. Binti yake alinipigia siku ya tatu.

Jumapili ile Mercy alikuja mgahawani na sare ya hoteli, urefu ule ule wa mama yake, akiwa ameshika mkoba kwa mikono yote miwili. Alinikumbatia. Aliniuliza mama alipenda kula nini, alicheka vipi, alilala upande gani, na nilimjibu yote. Akaniuliza, "Alikuwa ananitaja?" Nikamweleza habari za Jumatano na redio iliyozimwa, akaziba mdomo kwa kiganja. Ningeweza kuishia hapo. Chai ilikuwa haijapoa. Nikamwambia, "Mercy, kuna jambo jingine, na ukishalisikia huenda usitake kuniita auntie." Nikamwambia juu ya ukurasa, juu ya jioni niliyoujaribisha, juu ya mlango uliofungwa, juu ya miwani. Sikumwambia neno la daktari mpaka aliponiuliza mwenyewe, na nilipomwambia nilimwambia kama lilivyo.

Hakulia. Alisema, "Kwetu walisema ni hewa ya hapa ndiyo ilimuua." Akasimama, akavaa mkoba begani. "Ninaenda kazini." Hakunikumbatia. Nililipa, nikakaa pale mpaka mhudumu aliponiuliza kama namsubiri mtu.

Wiki tatu zilipita. Nilishakubali kwamba ndiyo imekwisha hivyo, na kwamba ana haki. Kisha ukaja ujumbe: "Nina off kesho. Kukhu anataka kujua yote, na mimi siwezi kumwambia nusu. Uje uniambie tena polepole, niandike." Alikuja na daftari la shule. Alilifungua kwenye meza, akaandika tarehe, akaniomba nianze asubuhi ya siku ile, siyo mchana.

Nikamwambia asubuhi ile nilipokuwa natoka, mama yake alikuwa amekaa kitandani anakata kucha za miguu, amefungua mlango wa kabati uzuie jua. Aliliangalia gauni langu akasema, huko unakoenda watakuwa na keki, uniletee kipande.

Mercy aliandika. "Ulileta?"

"Nilileta. Nilikifunga kwenye tishu, nikaenda nacho mpaka hospitali. Kilikuwa kwenye mkoba wangu daktari alipotoka."

Kalamu ikasimama. Hapo ndipo alipoinamisha kichwa juu ya daftari na kulia, na mimi nikalisogeza mbali kidogo, maandishi yasilowe.